Mashine Iliyojibu kwa Niaba ya Wafu

Huku kusini ninakoishi siku hizi, ikifika Juni mafuta ya nazi huganda kwenye chupa kama mchuzi wa nyama uliolala. Mtu mwenye akili huitumbukiza chupa kwenye maji ya moto. Mimi, niliyesoma chuo kikuu, niliiweka juu ya kompyuta.

Kompyuta yangu ni ya mezani, kubwa na ya zamani, na mgongoni hutoa hewa ya moto kama mtu aliyepanda mlima kwa haraka. Niliisimamisha chupa pale panapotokea hewa hiyo, nikaendelea na makala ambayo nilikuwa nimeahidi kuimaliza wiki mbili kabla. Kifuniko sikukibana. Baada ya muda tone moja liliteleza ubavuni mwa chupa, likapita kwenye matundu, likaangukia kitu cha moto huko ndani. Harufu ikapanda. Nilichomoa waya ukutani kabla sijajua ninachofanya, makala ikapotea, nami nikajikuta nimekaa sakafuni, mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, nikilia mbele ya kasha la bati.

Ilikuwa wiki ya tano tangu tumzike Baba.

Baba alikuwa na duka la picha na nakala karibu na soko la Palma, mji wetu wa pwani ya kaskazini, karibu na mto Ruvuma. Gesi ilikuwa imegunduliwa chini ya bahari, na watu wengi waliosikia kwa mbali hudhani kwamba sisi wa pale tuliiona. Hatukuiona. Tulichokiona ni karatasi. Kila aliyetaka kulinda geti, kufagia kambi au kuwapikia wageni alihitaji barua ya maombi, picha mbili na nakala ya kitambulisho, na vyote hivyo vilipita mikononi mwa Baba. Alikuwa na pikipiki iliyompeleka hadi Pundanhar kuwapiga picha wakulima ambao hawakuwa na njia ya kuja mjini. Kisha kikundi cha wageni waliokuwa wakipima sakafu ya bahari kikamaliza kazi yake, na mmoja wao, ambaye hakutaka kusafiri na mzigo, akakubali kubadilishana: yeye achukue pikipiki, Baba achukue kompyuta.

Iliingia nyumbani kwa mkokoteni, imefungwa kwa blanketi. Baba aliifungua kama anavyofunguliwa bibi harusi, akaiwasha. Mama alisimama mlangoni akasikiliza ule mngurumo.

“Umetoa miguu,” alimwambia, “umeleta pumu.”

Nyinyi wa rika langu mtakumbuka kompyuta za mezani zilivyokuwa zikivuma. Hii yetu ilivuma kuliko zote, kwa sababu ilitengenezwa kuchora mawe yaliyo chini ya bahari, na ndani yake ilikuwa na kadi ya picha pana kuliko daftari langu la shule, yenye feni yake ndogo. Mashine iliyozoea kuchora tumbo la dunia sasa ilikata picha za pasipoti, lakini haikupunguza kelele kwa ajili ya unyonge wa kazi. Feni kubwa ya nyuma ilinguruma. Ile ya kadi ilikereketa, kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, kama ukucha juu ya sufuria. Nilimuuliza Baba kwa nini inapiga kelele hata wakati haifanyi kitu. Akasema inapumua. Nikaamini hivyo kwa moyo wote wa mtoto. Niliamini pia, na nadhani nyumba nzima iliamini pamoja nami, kwamba vitu vilivyomo kwenye kompyuta vinakaa pale vinapoonekana, kwenye kioo.

Mwaka huo Bibi, mama yake Baba, aliletwa kukaa kwetu kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Kijiji chake kilikuwa ng'ambo ya ghuba, mahali ambapo watu wa gesi walitaka kujenga. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, ingawa mume tuliyepaswa kugombania, babu yangu, alikuwa kaburini huko kijijini tangu kabla sijazaliwa.

“Mke mwenzangu,” angesema akiniona nimekaa bure, “mume wetu ameondoka bila kuaga, na wewe hata hujamkasirikia.”

Alikuja na mkeka wake, tasbihi yake, na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Mafuta hayo yalikuwa dawa ya kila kitu. Alinipaka kichwani, alimdondoshea Mama sikioni lilipomuuma, alitia kwenye bawaba za mlango na kwenye cherehani ya jirani. Kitu kikilia, Bibi alikitilia mafuta, kikanyamaza. Chupa aliiweka kwenye dirisha la jiko, upande wa jua.

Ukoo wa Bibi ulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya kuingia mfungo, walikwenda makaburini kufyeka na kusoma dua, na baada ya dua mtu mmoja aliwaita wafu kwa majina. Alianza na kaburi lililo karibu na kisima, akaenda hadi la mwisho lililo karibu na bahari, bila kuruka hata moja. Baada ya kila jina alinyamaza, muda wa kuvuta pumzi mbili, ili aliyeitwa apate kujibu. Hakuna aliyetwanga saa hiyo, redio zilizimwa, watoto wachanga walipewa ziwa. Kwa miaka mingi aliyeita alikuwa Bibi. Alijifunza kwa shangazi yake, kwa kusikia tu, na hakuwa na mwanafunzi, kwa sababu wanawe wa kike wawili walitangulia kwenye orodha hiyohiyo.

Sasa ikaja habari kwamba kijiji kitahamishwa, na makaburi pia. Kamati ingepita baada ya mfungo kuandika kila kaburi ni la nani. Lenye jina lingehamishwa kwa jina lake. Lisilo na jina lingepewa namba. Vijana walijua makaburi ya juzi. Baba alimjua baba yake na wachache waliolala jirani naye. Wengine wote walikuwa kichwani mwa Bibi, na Bibi hangeweza kuvuka ghuba.

Baba alijaribu kwanza kwa kalamu. Bibi aliita majina matatu, Baba akasema, “Subiri kidogo, Mama, niandike,” Bibi akapoteza uzi, akarudi kisimani kuanza upya. Mara ya nne akamnyang'anya kalamu.

“Mussa, hii si orodha ya dukani. Wale wanatembea. Ukiwasimamisha njiani wanatawanyika.”

Ndipo Baba akafikiria kompyuta. Simu yake ilikuwa ya tochi, haikuweza kurekodi, lakini duka lilikuwa na maiki ndogo yenye waya mfupi. Angeirekodi sauti ya Bibi mara moja, bila kumkatiza, kisha angeisikiliza polepole na kuandika. Mchana mmoja akaihamishia kompyuta chumbani kwa Bibi, akambania maiki kwenye upindo wa kanga, akaiwasha mashine. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Bibi akasoma Fatiha, akaita jina la kwanza, akanyamaza.

Feni ikavuma katika kile kimya. Ile ndogo ikakwaruza.

Bibi akafungua macho. “Zima hiki kitu.”

“Hakizimiki, Mama. Ndicho kinachoshika sauti.”

“Basi kinyamaze.”

“Hakiwezi. Ile ni feni, inakipoza. Ikisimama kitaungua.”

“Sasa nikiwaita wenzangu, nikinyamaza wajibu, hiki kinajibu kwa niaba yao.” Akalitazama kasha kwa dharau ambayo aliwawekea wachumba wasiofaa. “Kwani hiki ni cha ukoo gani?”

Baba akacheka, lakini aliporudia kusikiliza kile kipande alikunja uso. Sauti ya Bibi ilikuwa imezama. Majina ya watu yalisikika kama yanaitwa ndani ya gari linalokwenda.

Kuanzia siku hiyo Baba akawa mtu wa kazi moja. Shaabani ilikuwa na wiki tatu zilizobaki, na desturi haikuruhusu kuita katika mwezi mwingine. Alilifungua kasha akaondoa vumbi kwa brashi ya rangi. Vumbi letu jekundu, lililotimuliwa na malori yaliyopita kutwa, lilitoka mafungumafungu kama pamba. Kelele ikapungua kidogo. Akalitandikia kasha mkeka uliokunjwa mara nne, ili lisitetemeshe meza. Akalifunika kwa blanketi, na baada ya nusu saa mashine ikazimika yenyewe kwa joto, akajifunza. Akakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akaviweka baina ya kila feni na bati pale panapoingia skrubu, na hapo ule mngurumo mkubwa ukatulia kweli. Ukawa kama sauti ya watu wanaozungumza nyumba ya tatu. Ikabaki ile feni ndogo ya kadi ya picha. Aliitoa, akabandua kile kibandiko kilichoko katikati yake, akanionyesha mhimili.

“Umekauka,” alisema. “Chuma kinasuguana na chuma. Unataka mafuta ya cherehani, tone moja tu.”

Mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha sokoni. Baba akamwagiza dereva anayekwenda Mocímboa. Siku ya tatu tukapata habari kwamba gari limevunjika ekseli, liko Awasse, na dereva anakula mihogo ya watu akisubiri kipuri. Shaabani ikaendelea kwisha. Bibi akaanza kulala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Nilimsikia Mama akimwambia Baba jikoni kwamba wakati wa kumwosha amegundua uvimbe umepanda magotini.

Ijumaa, Baba alipokwenda msikitini na Mama alipokwenda kuchota maji, Bibi akiwa amelala, nilichukua ile chupa dirishani.

Naomba nieleweke. Haukuwa utundu wa mtoto mtukutu. Nilifanya kile ambacho kila mtu wa nyumba ile angefanya kwa bawaba. Mafuta yalikuwa ya moto kwa jua, mepesi kama maji. Nilifungua kasha kama nilivyomwona Baba akifanya, nikabandua kile kibandiko kwa ukucha, nikatia tone moja. Kisha nikafikiri kwamba tone moja ni kipimo cha watu wa dukani, na Bibi huwa hapimi, nikatia mengine mpaka yakajaa, yakatiririka kidogo kwenye mapanga ya feni. Nikafuta kwa gauni langu. Nikarudisha kila kitu.

Baba aliporudi akawasha mashine kwa mazoea tu, akageuka kuvua kofia. Akasimama na kofia mkononi. Feni ndogo ilikuwa inazunguka bila sauti yoyote.

“Mpira wa baiskeli,” alisema polepole. “Ulikuwa unahitaji muda wa kukaa.”

Jioni ile aliwaeleza majirani wawili na muuza samaki mmoja maajabu ya mpira wa baiskeli. Nami nilikaa kimya na siri yangu, nikiwa na fahari ambayo sijaipata tena hata siku ya kuhitimu. Nilipanga kuitoa baadaye, wakati wa sifa.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Bibi aliita. Mama aliwaomba majirani wasitwange. Nilikaa nimeegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza nikasikia jambo lile lote. Alianza kisimani: Mwanaisha binti Bakari. Kimya. Hamadi wa Sefu. Kimya. Miongoni mwa wale wa mwanzo kulikuwa na mtu aliyetajwa kwa jina la kazi yake tu, Fundi wa Majahazi, na mtoto ambaye hakuwahi kupewa jina, ambaye aliitwa Mgeni. Bibi hakuwa na haraka. Katika kila kimya nilisikia kuku wakiparua uani, na pumzi yake mwenyewe, na nilijua kwa hakika kabisa kwamba wafu wanajibu, na kwamba mimi ndiye niliyewafungulia njia. Alipofika baharini akamtaja babu yangu, akanyamaza zaidi kidogo kuliko kwa wengine, kisha akafumbua macho.

“Mke mwenzangu,” akaniambia, “mume wetu anakusalimu.”

Baba alibonyeza hapa na pale, akarudisha nyuma akasikiliza, akainamisha kichwa. Sauti ilikuwa safi. Alisema Jumanne ataanza kuandika, akishamaliza barua za watu.

Usiku wa kuamkia Jumanne upepo wa kusi ulivuma kwa baridi. Asubuhi niliona chupa ya Bibi dirishani, mafuta yake meupe, yameganda. Nilipita. Mtoto mwingine angejua kwamba na yale ya kwenye feni yameganda? Sidhani, lakini nimejiuliza swali hilo kwa miaka mingi hata limekuwa laini kama kipande cha sabuni.

Baba aliwasha mashine, akachukua daftari. Kutoka chumbani kwa Bibi sauti ya Bibi mwenyewe ikaanza kuita watu, naye akiwa hapo kitandani, akajisikiliza kwa mashaka. “Huyo mwanamke amezeeka,” akasema. Baba akaandika jina la kwanza, akasimamisha, akaandika la pili. Alikuwa akiandika la tisa niliposikia harufu. Ilikuwa harufu nzuri. Ilikuwa harufu ya jiko siku ya sikukuu.

“Nani anakaanga?” aliuliza Baba bila kuinua kichwa.

“Hata moto sijawasha,” Mama alijibu kutoka uani.

Kwenye kioo ikapita mistari ya rangi, kama kanga inayokunjwa. Halafu pakawa peusi. Sauti ikakatika katikati ya jina la kumi: Baba alikuwa ameandika Fatuma binti, akabaki na kalamu hewani.

Akachomoa waya. Akafungua kasha, akainamisha uso mle ndani, akakaa hivyo kwa muda mrefu, mgongo ukipanda na kushuka. Nilidhani analia. Nilikimbia nikajificha nyuma ya choo.

Fundi wa simu aliitwa. Aliigusa kadi, akaonyesha pale palipobadilika rangi, akajaribu kuiwasha mashine mara mbili mbele ya kioo cheusi. “Imekwenda,” alisema, “na vyote vyake.” Alikuwa kijana mwungwana, aliyejua simu. Tulimwamini kwa sababu alisema jambo ambalo macho yetu yalikwisha kulisema.

Shaabani ilikuwa na siku mbili. Baba alikwenda akachuchumaa kando ya kitanda cha Bibi, akamwomba aite tena, yeye atajaribu kushika kwa kalamu, hata nusu. Nilisimama nyuma ya mlango.

“Wamekwisha kuja mwaka huu, Mussa,” Bibi alisema. “Walikaa, walijibu. Niwasumbue tena kwa kuwa chombo chako kimevunjika? Mwakani, inshallah.” Kisha, kwa kuwa alikuwa Bibi, akaongeza, “Angalau sasa kimenyamaza.”

Aliniona nimenyong'onyea siku zile zote. Aliniita, akanilaza kichwa mapajani, akayeyusha mafuta kiganjani, akanipaka utosini. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Harufu ilinijia, nikayameza.

Hakufika mwakani. Kamati ilikuja baada ya mfungo, ikavuka ghuba na Baba na daftari lake. Majina tisa ya kisimani yaliandikwa. Ya baharini yaliandikwa. Katikati walipaka namba kwa rangi nyekundu, na kwenye fomu zao wakaandika neno la Kireno, desconhecido, asiyejulikana, mara arobaini na moja. Baba alirudi akalivika lile kasha kanga ya Bibi, akaliweka juu ya kabati.

Sasa kuna sehemu ya hadithi hii ambayo haikumpata mtoto, na ambayo ningependa ingekuwa imempata mtoto.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, Nampula, mashine moja ya maabara yetu ilizima kioo katikati ya kazi yangu. Nilishtuka hata msimamizi akacheka. Alifungua kasha, akatoa kadi iliyoungua, akachomeka nyingine, akawasha. Kila kitu kilikuwapo, hadi neno la mwisho nililoandika. Nikamuuliza vilikuwa wapi.

“Kwenye diski, huku pembeni. Hii kadi ni kioo cha kujitazamia tu, dada. Ukivunja kioo, uso wako unapotea?”

Nilikwenda kusimama kwenye korido. Kumbe walikuwa juu ya kabati, wote, kutoka kisimani hadi baharini, wamefunikwa kanga, wakisubiri mtu mwenye bisibisi.

Mtadhani nilipanda basi siku ileile. Nilikwenda likizo, bisibisi ikiwa begani mwangu kwenye mkoba. Nilikaa wiki tatu chini ya lile kabati. Nilijua kila kitu cha kufanya ili kuitoa ile diski: skrubu nne, nyaya mbili, dakika kumi. Lakini Baba angesimama karibu, kwa furaha, akiuliza maswali, kwa kuwa alipenda kujua. Na swali la kwanza la mtu yeyote mwenye akili lingekuwa, sasa kwa nini kadi iliungua? Nikasema likizo ijayo. Likizo iliyofuata nilikuwa na utafiti. Ile ya tatu nilialikwa mahali kuzungumza juu ya umuhimu wa kuhifadhi kumbukumbu za jamii. Nilizungumza vizuri. Nilipigiwa makofi.

Kisha vita vya waasi vikafika Palma. Mama na Baba walitoka na nguo za mwilini, wakatembea siku kadhaa porini, wakavuka Ruvuma, wakafika Mtwara kwa shangazi yangu mmoja, binamu yake Baba. Nyumba iliungua, na kabati, na kilichokuwa juu ya kabati.

Nilikwenda kumwona Baba Mtwara nikiwa na mambo mawili ya kukiri. Alikuwa amepungua. Chumba chake kilikuwa na kitanda, msala wake wa kusalia, na feni ya mezani iliyotikisa kichwa kama mzee anayekataa posa. Nilianza na la kwanza. Nilimweleza Ijumaa ile, chupa, ukucha, gauni.

Alisikiliza hadi mwisho. “Nilijua,” alisema.

“Ulijua lini?”

“Siku ileile. Niliingiza pua mle ndani nikasikia nazi. Nikasema, ni mama yangu au ni mwanangu, na mama yangu hawezi kusimama.” Akatabasamu kidogo. “Na ule mpira wa baiskeli nilioutangazia mji mzima.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia nini? Ulitaka bibi yako asikike. Akasikika.”

Kisha akanyoosha mkono akaizima feni. Joto likatuangukia. Nilijua maana yake. Hakuna aliyewazungumzia watu wale penye kelele.

“Wewe umesoma,” alisema. “Niambie. Kile kitu nilikiweka juu ya kabati miaka yote ile. Wale walikuwamo, au walikwisha kuungua?”

Nje mtoto alikuwa akivuta kopo kwa kamba, akapita, kelele ikaisha. Baba alinitazama usoni, bila hofu yoyote, kama mteja anayesubiri nakala yake.

“Waliungua, Baba,” nilisema. “Siku ileile.”

Akavuta pumzi ndefu. “Alhamdulillahi,” alisema. “Nilikuwa naogopa nimewaacha.”

Jambo la pili sikumwambia. Amekwenda bila kulijua, nami nimebaki nalo, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliandika, kwa watu ambao hawatalipeleka kokote.

Sasa ninajua njia zote za kunyamazisha kompyuta. Najua kusafisha vumbi, kubadili feni ndogo kwa kubwa inayozunguka taratibu, kuweka mpira kwenye skrubu, na kwamba mafuta ya jikoni hayatiwi popote. Hii yangu naiacha ivume. Ila Shaabani imeingia tena, na jana alasiri niliizima. Nilizima na friji. Nilifunga dirisha la upande wa barabara, nikakaa kwenye mkeka na tasbihi ya Bibi, ambayo Mama alitoka nayo Palma shingoni, chini ya nguo.

Nilianza kisimani. Niliita tisa, na kila mmoja nikampa pumzi zake mbili. Nikasema, Fatuma binti, nikanyamaza. Kisha nikasogeza punje moja ya tasbihi bila kutaja kitu, nikanyamaza. Nikasogeza nyingine, nikanyamaza. Arobaini zote, moja moja, nisiruke hata moja. Nikafika baharini. Nikawaita wale aliowajua Baba, mwisho wao babu yangu. Baada yake, ingawa amelala Mtwara, mbali na mstari wao, nikamwita Baba.

Nikanyamaza, ili apate kujibu.